Kufuli la Anania

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu haivuki tena upana wa chumba hiki, na wewe Sekela iweke hiyo simu hapa kwenye mto, irekodi, usiandike, kwa sababu ukianza kuandika utaanza kunisahihisha. Jailos, kaa. Najua mvua imeshika na gari lako liko kwenye tope. Tope la Uyole halikuanza leo. Kaa, baba. Nina maneno ya mama, nina maneno ya mhandisi na nina maneno ya mwandishi, na kwa miaka ishirini na miwili hawa watatu, ambao wote ni mimi, nimewalisha kwenye meza tofauti ili wasiulizane maswali. Leo nimewakalisha pamoja.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, na isiuzwe mpaka wote wawili mmekubali kwa maandishi. Shamba la vitunguu la Ilula, lile alilonipa baba yangu mbele ya kaka zangu wakiwa wamekunja sura, ni la Sekela, na mjomba yeyote akiwaambia kwamba shamba la ukoo haliendi kwa binti, mwonyesheni karatasi yenye dole gumba la babu yenu, kisha mumwandalie chai anywe akiwa anaisoma. Viatu vyangu vya kazi mpeni yeyote mwenye mguu wangu. Hayo yameisha, na mkitaka kugombana, gombaneni juu ya hayo, maana mazito yanakuja na katika hayo sitaki ugomvi.

Mazito ni madaftari. Mnayajua, yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki, kumi na moja, na marehemu baba yenu, Mwalimu Ambokile, alikuwa akiyaita waume wenzake, kwa sababu yalinitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri na yeye hakuweza kunitoa hata kwa chai. Niliandika nimejifunika blanketi, nyuma ya fomu za ukaguzi zilizoharibika, mpaka king'ora cha kiwanda kilipolia, kisha nikavaa kofia ngumu nikaenda kupima kelele, vumbi, mvuke na uimara wa ngazi. Kiwandani waliniona mhandisi mwenye ugonjwa wa hadithi. Kwenye mikutano ya waandishi huko Dar es Salaam waliniona mama wa vizimamoto aliyekosea mlango. Vitabu viwili vilichapwa. Waliokisoma cha kwanza wangetosha mabenchi mawili ya kanisa. Cha pili, benchi moja, na katika hilo nanyi mmo. Watu walinipa pole, wakasema Paskalina, endelea tu, ipo siku. Hawakujua kwamba ninayo kazi moja iliyosomwa na maelfu ya watu, kuanzia Mafinga mpaka Mbalizi, na kwamba kazi hiyo haina jina langu juu yake.

Jailos, wewe uliisoma Jumatatu iliyopita.

Ndiyo, hiyo. Hicho Kisa cha Anania unachowasomea wafanyakazi wapya kila Jumatatu kabla hujawakabidhi kofia na glavu, kama nilivyokuwa nikikisoma mimi, kama wanavyokisoma maofisa usalama wote niliowafundisha. Kinaanza hivi, na ninaweza kukisema nikiwa nimelala: "Anania alikuwa mtu mcheshi, na siku ile alikuwa na haraka." Sentensi nzuri hiyo. Inamfanya msikilizaji ampende mtu na amwogopee kwa pumzi moja. Kila mwandishi angependa kuwa nayo. Na uongo wote umekaa katika yale maneno matatu ya mwisho, kwa sababu Anania hakuwa na haraka yoyote. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Anania alikuwa Msangu wa Chimala, fundi wa zamu katika kile kiwanda cha mbao nilichokuwa mhandisi wa usalama, huko kwenye baridi ya Mufindi, wewe Sekela ukiwa bado mgongoni. Kazi yake ilikuwa tangi la chenga. Tangi lile lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa, mbao zilizosagwa zinamiminwa juu, na chini kuna chuma kinachozunguka kuzisukuma kwenda kwenye tanuru. Chenga zikishikana, mtu huingia ndani kuzivunja kwa sepeto. Na kabla hajaingia, huzima swichi, hupachika kufuli lake mwenyewe lenye jina lake kwa rangi nyeupe, na ufunguo hutia mfukoni. Kufuli la mtu halifunguliwi na mtu mwingine, na likibidi kukatwa, basi ni mpaka watu wawili wamemwona mwenyewe kwa macho yao akiwa nje. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Nilipigania makufuli yale miaka miwili, meneja akisema ninataka kufunga kiwanda kama duka la Mhindi.

Asubuhi ile, saa mbili, simu ya ofisini ililia kutoka Chimala. Mama yake Anania amefariki. Na ninyi mnajua sisi watu wa huku tulivyo: mtu hapigwi na habari ya msiba akiwa kazini, amesimama, mikono mitupu. Anaachwa kwanza. Anatafutwa mzee, anaambiwa mama anaumwa kidogo twende, anafikishwa nyumbani, anakalishwa, ndipo anaambiwa. Basi fomeni wa zamu, Sosthenes, akapitisha neno kwamba asiambiwe, gari linatafutwa. Ndani ya nusu saa kiwanda kizima kilikuwa kinajua, wapishi wa kantini wamekwisha kuandikisha majina ya watakaosafiri, walinzi wanajua, mpaka muuza maandazi wa getini anajua. Asiyejua ni mmoja tu, mwenye mama.

Nilikutana naye saa mbili na nusu kwenye uwanja wa magogo. "Kamwene, Mama Usalama," akanisalimu kwa jina alilonipa yeye. "Hivi leo kuna nini? Tangu nimefika hakuna hata mmoja aliyenitania. Wote wapole kwangu kama nimekuwa askofu."

Nikamwambia, "Labda wameogopa ukaguzi."

Akacheka. "Basi ukaguzi uwe kila siku. Nina kakazi kadogo hapo, nikimaliza ninakuja kunywa hiyo chai yako ya maziwa, na usiniambie imekwisha." Akaenda zake. Nikamtazama mgongo, nikasema moyoni, maskini, hajui, nami nikajiona mtu mwema kwa kunyamaza.

Saa nne kasoro tanuru likaanza kupoa. Nikashuka. Tangi limesimama, swichi imefungwa, kufuli la Anania linaning'inia. Nikamuuliza Sosthenes, Anania yuko wapi? Akanijibu kwa ile sauti ya chini tunayoitumia kwa waliofiwa, "Si ana msiba, mhandisi. Gari la Chimala limeshatoka." Na kweli gari lilikuwa limetoka. Wazee waliomo walidhani Anania anakuja na gari la pili. Sisi tuliobaki tulidhani yumo katika lile la kwanza. Hakuna aliyeuliza kwa sauti, kwa sababu kuuliza kwa sauti kungemfikia. Kiwanda kizima kilikuwa kinanong'ona ili mtu mmoja asisikie, na mtu huyo alikuwa ndani ya chuma, hatua sita kutoka nilipokuwa nimesimama, ameinama na sepeto lake.

Nilijiambia hivi: hakuna mtu anayefiwa na mama akabaki kazini. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, mimi mhandisi mwenye cheti ukutani. Sikutafuta watu wawili waliomwona nje. Sikugonga bati la tangi. Nilisema, "Kateni." Wakaleta mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, wakakata. Nikaweka sahihi. Sosthenes akawasha.

Sitawaambia zaidi ya hapo. Alikufa hajui kwamba hana mama. Yaani siku ile walikuwa wanaliliwa watu wawili Chimala, na yeye ndiye mtu pekee ambaye hakumlilia hata mmoja.

Ngojeni nivute pumzi… Mapafu haya yamejaa vumbi la mbao. Msimlaumu mtu, nilivaa barakoa niliyoichagua mwenyewe.

Jioni ile tulikaa watatu, meneja, Sosthenes na mimi. Meneja akasema wazi: kosa likiwa la kiwanda, kiwanda kinafungwa; kosa likiwa la mhandisi, basi watasema tulimpa mwanamke usalama na ameua mtu, na hakuna mwanamke mwingine atakayepewa ofisi ile. Sosthenes akanisogezea karatasi. "Andika vizuri, mhandisi," akasema. "Si wewe ndiye mwandishi?" Na mimi, wanangu, niliandika vizuri. Niliandika kwamba fundi aliingia tangini bila kufunga swichi, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumaliza kazi akanywe chai. Nilimpa Anania wangu ucheshi wake wote wa kweli, nikampa na kosa ambalo si lake, na kwa sababu ucheshi ulikuwa wa kweli, watu wakaliamini na kosa. Nilikuwa nimeandika hadithi miaka kumi bila kupata msomaji, na ripoti ile ndiyo iliyosomwa. Mkaguzi akaisifu. Wakaniomba niifanye somo. Nikaifanya somo. Kufuli lililokatwa nililitia mfukoni mwa ovaroli, nikalipeleka nyumbani, nikalificha ndani ya kopo la maziwa.

Jambo moja tu la kweli nililifanya baada ya hapo. Niliongeza kanuni: kabla ya kuwasha mashine yoyote iliyokuwa imefungwa, mumwite mwenye kufuli kwa jina lake, kwa sauti, mara tatu, na mngojee katikati ya kila mwito. Asipoitika, na watu wawili wakahakikisha, ndipo muwashe. Viwanda vingi vinaifuata mpaka leo. Hawajui ni jina gani halikuitwa.

Jailos, usinisimamishe. Nakujua tangu ulivyokuwa mdogo. Utasema, mama, miaka ishirini na miwili imepita, tuachie jina zuri. Nakujibu. Jina zuri mnalotaka niwaachie lilikuwa la mtu mwingine, nilimvua siku ya mazishi yake akiwa hawezi kubisha. Mchungaji alihubiri juu ya uzembe mbele ya jeneza, kwa sababu ya karatasi yangu. Mkewe, Apolonia, aliambiwa na ndugu wa mume kwamba mumewe alijiua kwa kukimbilia chai. Mtoto wao Clement alikuwa na miaka mitano.

Na wewe, Sekela, bingwa wa midahalo, ninakuona ulivyokaza taya, nawe unayo hoja yako. Utasema walinibana kwa sababu ni mwanamke. Ni kweli, walinibana. Ukasimame na hoja hiyo popote, utashangiliwa. Lakini halafu mtu mmoja kule nyuma atanyoosha mkono aulize, na Apolonia ni nani? Naye ni mwanamke. Niliulinda mlango wa wanawake wenye vyeti kwa kumfungia nje mwanamke mwenye mtoto na jembe. Hoja yako hapo itakaa chini, mwanangu, kama yangu ilivyokaa.

Huyo Clement nilimwona. Miaka mitatu iliyopita, kiwandani kule Mbalizi, nikiwa nimekwisha kustaafu, wananiita tu kufundisha. Nimesoma kisa mpaka mwisho, watu wameinamisha vichwa kama kawaida, nikauliza kama kuna swali. Kijana mrefu kwenye safu ya pili akasimama.

"Samahani, mama. Huyo Anania ni baba yangu."

Nikamwambia pole, mwanangu.

"Asante, mama. Ninauliza tu. Nguo zake waliporudisha, mfukoni mlikuwa na ufunguo mdogo. Mama anao mpaka leo, anaufunga kwenye kona ya khanga akienda kanisani. Sasa kama hakufunga kufuli, ule ni ufunguo wa nini?"

Miaka kumi na tisa mkaguzi hakuuliza hivyo, bima hawakuuliza, mchungaji hakuuliza. Na mimi nilikuwa na jibu ndani ya kopo la maziwa nyumbani kwangu. Nikamwambia, "Labda wa kabati la nguo."

Akasema, "Asante, mama," akakaa. Na alipokaa alionekana mdogo, kama wa miaka mitano.

Hayo ndiyo madaftari kumi na moja. Ukiyasoma, Sekela, utakuta katika kila hadithi kuna mtu aliye ndani ya kitu, ndani ya kisima, ndani ya lori la mchele, ndani ya ghala, anawasikia walio nje wakimzungumza kwa sauti ya chini. Msomaji wangu mmoja alisema nina mtindo. Sina mtindo. Nina mtu mmoja.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kumwambia Apolonia. Nilikwenda. Mnakumbuka mlivyokuwa mkinicheka kwamba mama hawezi kupita Chimala bila kununua mchele? Mara ngapi nimeshuka basi pale, nikauliza njia ya kwake, nikafika mpaka kwenye kichaka cha matete panapoonekana bati la paa lake, kisha nikageuka, nikanunua debe la mchele sokoni ili safari iwe na sababu. Mlisema hakuna mchele mtamu kama wa mama. Wanangu, mlikuwa mnakula woga wangu, na mimi nilikuwa nawapakulia.

Sasa sikilizeni agizo. Nikifa mtanizika Ilula, na gari lenye jeneza litapita Chimala, hakuna njia nyingine. Lisimame kwa Apolonia. Katika daftari la kumi na moja, kurasa nne za mwisho, kuna ripoti ya kweli, yenye saa, yenye majina, yenye sahihi yangu. Sekela aisome pale uani kabla ya kitu chochote, kisha kaburini, mahali pa ile historia fupi ya marehemu, isomwe hiyo hiyo, msianze kusema nilizaliwa lini na nilipenda kuimba kwaya…

Unasemaje, Sekela? Sema kwa nguvu, mwanangu, sikusikii.

…Unauliza kwa nini ningoje nife.

Rudia tena. Hapana, usirudie. Nimekusikia.

Haya. Hapo umenipata. Nilikufundisha mwenyewe kwamba swali zuri ni lile fupi. Nimelala hapa nikijiona jasiri, kumbe nimepanga kumpelekea yule mama ukweli ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, ili akiwa na swali la pili asipate wa kumjibu. Ndivyo hivyo hivyo tulivyomfanya mumewe. Tumnong'onee asisikie mpaka gari lifike.

Futa agizo lile. Usifute kwenye simu, liache, watu waone nilivyokuwa. Hili ndilo agizo.

Jailos, kesho kukipambazuka utatoa gari topeni, utampakia dada yako, mtakwenda Chimala. Msibebe mchele, msibebe sukari, msibebe mchungaji. Bebeni daftari, na bebeni hilo kopo la maziwa. Mpeni Apolonia kufuli mkononi mwake, na msimwambie chochote mpaka amefungua kona ya khanga na kujaribu ufunguo mwenyewe. Halijashika kutu sana. Nilikuwa nalipaka mafuta kila mwaka, sijui kwa nini. Chuma kimekatwa lakini tundu ni zima. Utageuka. Ukishageuka, ndipo Sekela asome. Na akisema neno lolote, hata akiwatukana, hata akinitukana mimi na mama yangu, msibishane. Wewe hasa, Sekela. Umeshinda mengi, kesho nenda ukashindwe.

Kisha mwambieni niko hai. Mwambieni niko Uyole, nyumba ya bati jekundu karibu na mashine ya kukoboa, na bado naitika. Akitaka kuja kuniuliza, mleteni. Clement akitaka kuja, mleteni. Asipotaka, mwacheni, asilazimishwe kuniangalia. Na Jailos, Jumatatu utasimama mbele ya watu wako useme kwamba Anania alifunga kufuli lake. Sentensi moja hiyo. Mimi sikuiweza miaka yote hii na nilijiita mwandishi.

Nimechoka. Mkono wako uko wapi… Una baridi wewe.

Mungu awape, wanangu, sauti ya kuuliza mtu alipo, hata pale ambapo watu wote wamekubaliana kunyamaza. Awape mlale usingizi wa waliofunga na kufungua kwa mikono yao wenyewe. Jailos, nakubariki, mzaliwa wangu wa kwanza, na hasira yako nimeiona, ni haki yako. Sekela… na wewe. Na hilo swali lako.

Kama mtarudi kutoka Chimala mkute nimenyamaza, msikimbilie kusema mama ameondoka. Msidhani. Kaeni wawili, mniangalie kwa macho yenu. Niiteni kwa jina, kwa sauti, msinong'one. Mara tatu. Mngojee… katikati ya kila mwito, mngojee kidogo.

Nisipoitika, basi. Washeni.